Nguzo Yangu Iliyoachwa Bila Rangi

Kwa Mchungaji Mbuthia,

Bwana asifiwe. Nakuandikia kama mwenyekiti wa Vijana wa kanisa letu la hapa mjini, nikiwa na uchungu ambao hata chai ya baada ya ibada haikuuteremsha.

Jumapili, dada Waringa, yule anayefanya kazi ya takwimu Westlands, alituonyesha ukutani histogramu ya umri wa Vijana wetu. Kila nguzo ni umri, na urefu wake ni idadi ya watu. Hapo sina neno. Kisha akaiandikia programu yake 18 na 35, mipaka ya umri wa Vijana, na rangi ya kijani ikamwagika kati ya namba hizo, ikakoma. Kule mwisho kabisa, baada ya nafasi tupu, ikabaki nguzo moja fupi, nyeupe. Ndiyo mimi, Mchungaji. Nina miaka hamsini na minane. Nalalamika hivi:

1. Watu walicheka. Hata Mama Mwihaki wa kwaya, ambaye hacheki hata harusini.

2. Nilimwomba Waringa kwa upole asogeze kijani kidogo tu, hadi 60. Kompyuta ni yake, kidole ni chake, kingempunguzia nini? Akanijibu, "Mzee, nikifika huko nitawapaka hata wazee wa kanisa." Aliniita mzee mbele ya vijana wenzangu!

3. Ng'ombe hazeeki maini. Programu hiyo imehesabu miaka, maini haijayaona.

4. Ikishindikana, chati nzima ipakwe kijani, kuanzia watoto wachanga hadi marehemu, asibaguliwe mtu.

Uchaguzi ni mwezi ujao. Mkiniondoa niende wapi? Kwa akina baba wanaongea presha na mashamba. Tangu mke wangu, mama Kamene, afariki, nyumba yangu ya Loresho imenyamaza, na mazoezi ya Vijana ndiyo yanayonitoa kitini. Naumia, Mchungaji.

Nisalimie mama mchungaji, wazee wa kanisa, na huyo Waringa pia. Simchukii yeye, nachukia rangi yake.

Wako katika ujana,
Mbithi Ndambuki,
Mwenyekiti wa Vijana

Tanbihi: Jumapili ya uchaguzi, naomba umbatize kwanza mjukuu wangu. Mama yake ni binti yangu Kamene, yule katibu wetu niliyemtoa Vijana mwaka jana alipofikisha thelathini na sita. Alilia sana, lakini nilimwambia sheria ni sheria.