Hakuna Aliyeniona na Kopo la Buluu

Jumatatu, 3 Februari
Mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke nyumbani. Mgongo umekwisha, akili bado mbichi. Mama kapiga simu. Wakwe wa mdogo wangu wanakuja mwezi ujao na mlango wa mbele unatia aibu. Kauliza ile rangi niliyoahidi iko wapi, au imepotelea huku nilikopotelea mimi? Nimemwambia naja nayo mkononi. Stoo ya hapa kwenye ujenzi imejaa makopo ya buluu. Moja likitoka, nani atajua?

Jumanne, 4 Februari
Siku ya zege. Siku hiyo habanduki mtu: tunapanga mstari, karai linakwenda mkono kwa mkono mpaka sakafu ya juu ijae. Ndiyo maana nimeichagua. Hata mtunza stoo alikuwa kwenye mstari! Nikashika tumbo, nikaugulia, nikaruhusiwa kwenda kulala. Kidevu, mpiga plasta tunayepakana vyumba, akasema tumbo langu linajua siku ya zege kuliko msimamizi. Wivu tu. Stoo imefungwa kwa waya. Nikatoka na kopo. Hakuna aliyeniona. Hata paka!

Baadaye. Balaa. Kopo lina tundu! Matone kutoka stoo mpaka mlangoni kwangu. Sikutetereka. Kizingiti changu nimekisugua kwa mafuta ya taa mpaka kikang'aa. Kisha milango ya wenzangu wote nikaidondoshea matone. Washukiwe wao! Kopo nimeliziba, nikalifukia kwenye lundo la mchanga. Kichwa hiki kingepita darasa la sita, leo ningekuwa waziri.

Jumatano, 5 Februari
Msimamizi kapita safu nzima ya vyumba vyetu kainama kama anayetafuta sindano. Kila mlango una matone, wangu hauna. Wangu unanuka mafuta ya taa. Kaniuliza kulikoni. Nikasema mimi ni msafi. Kidevu akacheka mpaka akakaa chini; eti shati langu halijaona sabuni tangu nije. Msimamizi akataka nguo za jana. Za wenzangu zina zege hadi kwenye kola. Zangu hazina hata punje. Halafu akaona ukucha wangu wa buluu. Nimesema ni ugonjwa. Kaita polisi.

Jumatatu, 17 Februari
Mahakamani. Nimejitetea mwenyewe. Nikauliza: nani aliniona? Kopo liko wapi? Nikajua nimeshinda. Hakimu akavua miwani, akakubali kweli hakuna aliyeniona. Ila ushahidi wa mazingira nao ni ushahidi. Ukucha peke yake hautoshi, mafuta ya taa peke yake hayatoshi, tumbo peke yake halitoshi. Viweke pamoja, na wenzangu wote walikuwa mstarini wakionana, haibaki maelezo mengine ila mimi. Akasema ni kama matofali. Nikamwambia, Mheshimiwa, ukuta bila saruji huanguka. Akajibu kwamba saruji ni ile ambayo mimi peke yangu sikuwa nayo kwenye nguo. Watu wakacheka. Miezi sita! Sikuinamisha kichwa.

Jumapili, 2 Machi
Gerezani. Kidevu kaja na kipande cha sabuni. Anasema mchanga wote umetumika, kopo limepasukia kwenye plasta, na choo cha msimamizi sasa kina ukuta wa buluu. Mama kampigia, naye kamwambia nimepata kazi ya serikali. Muungwana, lakini kile kicheko simsamehe. Tena hakudanganya: kesho tunaanza kupaka kuta za humu. Rangi nyeupe, makopo kibao, na askari wa stoo husinzia akishashiba. Kosa langu nimelijua. Niliusahau mlango wangu! Safari hii matone yataanzia kwangu. Wakwe waingilie uani kwanza. Mama asiuguse ule mlango. Katikati ya Agosti niko nyumbani, kopo mkononi.