Bolti Nne za Hewani

Sogeeni, enyi wenye masikio yasiyochoka, nanyi mlioketi mbele ya kompyuta zinazohema kama ng'ombe mgonjwa! Nawasimulia vita vya asubuhi moja katika chumba cha wachoraji, baina ya Binti Kipanya, mchoraji mchanga, na mashine ya kuoshea chupa yenye vipande elfu sita mia moja na kumi na viwili, yote ikiishi ndani ya skrini, haijapata kugusa chuma.

Orodha ya vipande ilinena: bolti mia nne na kumi na mbili. Matundu yalikuwa mia nne na nane. Basi Mzee Spana, mkuu wa karakana, mwenye viganja vipana kama sinia, akasimama mlangoni akahutubu:

"Mwanangu, hizo bolti nne nizichomeke wapi? Masikioni? Saa sita orodha iwe sawa. La sivyo, mchoro urudishwe kwa Kaka Faili."

Kaka Faili ndiye mchoraji mkongwe, ambaye jina lake limekalia kisanduku cha pembeni mwa kila mchoro kwa miaka saba. Huu ulikuwa wa kwanza kuahidiwa jina la Binti Kipanya. Hicho ndicho kiti cha enzi kilichopiganiwa. Upana wake, sentimita nne.

"Niachie mimi, dada," akasema Kaka Faili, akipuliza chai yake. "Utaiua kompyuta."

"Na ife kishujaa!"

Binti Kipanya akaifungua mashine nzima kwenye skrini. Skrini ikaganda, ikawa nyeupe kama sanda. Dakika kumi na moja feni ikaomboleza. Hapo shujaa akang'amua kwamba jeshi hili halipigwi kwa mkupuo. Akafungua sehemu moja moja, fremu, pampu, mkanda, akilinganisha bolti na matundu. Zote zikatii. Saa tano na nusu akalifikia pipa la kuoshea, akaamuru kila kilichofichwa kijitokeze.

Lo! Bolti nne zikaibuka katikati ya pipa, zinaelea hewani, hazikushika kitu.

"Kaka, hizi za nani?"

Kaka Faili akapaliwa na chai. "Aa... za kifuniko cha zamani. Nilizificha ili kompyuta iwe nyepesi. Baadaye kifuniko nikakifuta."

"Na bolti ukaziacha zikining'inia! Ulizificha machoni pako tu, kaka. Orodha ilikuwa inazihesabu muda wote."

Kidole cha Binti Kipanya kikashuka juu ya kitufe cha kufuta kama shoka. Orodha ikasoma: mia nne na nane.

Mchoro ukachapwa, Mzee Spana akaisogeza karatasi hadi puani. "Vijiherufi gani hivi pembeni? Jina la nani?"

"Langu, mzee."

"Likuze. Nikikosa hata nati moja, nataka nijue wa kumfuata."

Likakuzwa mpaka likagusa kingo zote nne za kisanduku. Na iandikwe kwa vizazi vijavyo: siku ile, kabla ya chakula cha mchana, bolti nne ambazo hazikuwahi kuwapo ziliondolewa duniani, na Kaka Faili, bila kuambiwa, akaenda kuchemsha chai ya watu watatu.