Mbao za Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Februari 2026

Mama mkwe anakuja Jumamosi! Mke wangu Eliwaza ameniambia huku anamenya ndizi, kama anayetaja bei ya sabuni. Bibi Koleta anashuka kutoka Msangeni, kule mlimani, kuja kuona sakafu. Sakafu yangu. Mbao zake zimetoka kwenye mti wa mgrivea alioupanda marehemu baba mkwe mwaka aliozaliwa Eliwaza. Desemba mama aliruhusu ukatwe, akanikabidhi, akasema nimtengenezee mwanawe sebule. Siku ya tatu nilishapigilia msumari wa mwisho. Nani ananiweza?

Ila sasa kuna mianya. Desemba haikuwepo, nakula kiapo. Leo nimepima mmoja kwa kadi yangu ya NIDA. Imeingia vizuri. Imeingia yote! Iko chini ya sakafu, na kwa sasa mimi si raia wa nchi yoyote.

Jumanne, 10 Februari

Nimejaribu waya. Nimejaribu kijiti chenye gundi, kimenasa kwenye kidole. Ikabidi nimwite Clemence. Uchungu ulioje! Clemence ni jirani yetu, fundi seremala. Kazi hii nilimnyima kwa sababu anafanya kila kitu polepole. Aling'oa ubao mmoja, akanipa kadi, kisha akaanza maswali kama daktari. Mti ulikatwa lini? Ulipasuliwa lini? Mbao zilipigiliwa lini? Nikamjibu kwa fahari. Akafumba macho.

Akasema mbao zilishuka na ukungu wa mlimani ndani yake, jua la hapa Same likazikausha, zikasinyaa. Basi. Nisijaze kitu sasa. Nisubiri masika, mianya mingine itajifunga yenyewe. Itakayobaki, yeye atachonga vipande vyembamba vya mti uleule, avigandishe kwa gundi upande mmoja tu, ili mbao zipate kucheza. Akasema pia ningezipanga ndani ya nyumba mwezi au miwili kabla ya kupigilia, zipumzike. Zipumzike! Zimefanya kazi gani?

Halafu masika ni Machi. Mama mkwe ni Jumamosi.

Alhamisi, 12 Februari

Nimepata jibu, tena kutoka kinywani mwa Clemence mwenyewe. Kama masika inafunga mianya, basi nitaleta masika. Tangu jana nimetandika magunia yaliyolowa sebule nzima. Nayamwagia maji asubuhi, mchana na jioni. Eliwaza ameuliza kama tunalima mpunga, maana kama ni hivyo tungehamia Kihurio tu. Mwache acheke. Mianya imekwisha! Hata wembe haupiti. Clemence alichungulia dirishani, akatikisa kichwa, akaenda zake. Wivu huo.

Jumamosi, 14 Februari

Jamani.

Nimeamka nikakuta katikati ya sebule pamevimba. Mbao zimebanana, zimenyanyuka, zimeukaba mlango wa mbele kwa chini. Mlango unafungukia ndani. Haufunguki hata kwa bega. Mlango wa uani niliuziba mwaka juzi, kwa mpango mwingine ambao sitaki kuueleza.

Saa nne mama mkwe huyo, kitenge kipya, mkungu wa ndizi. Nikamwamkia shikamoo kupitia nondo za dirisha. Akaitikia marahaba, akauliza nimefungwa kwa kosa gani. Mimi niliyelelewa nimpishe mama mkwe njia na nisimtazame machoni, namsimulia habari za magunia dirishani! Niliogopa, sifichi. Siyo kelele, yule mama hapigi kelele. Niliogopa aone mti wa mumewe nimeuharibu, asinikabidhi tena kitu maisha yake yote.

Eliwaza akampigia simu Clemence. Clemence akaja, akanipitishia mtaimbo dirishani, akanielekeza ning'oe mbao mbili za karibu na mlango. Nikamtii neno kwa neno. Mlango ukafunguka.

Mama akaingia. Akavua viatu. Akapanda kile kilima taratibu, akakaa juu yake, akapapasa mbao kwa kiganja. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua analia. Mungu wangu, nimemliza mama mkwe!

Kumbe anacheka! Akasema marehemu naye alipigilia mbao mbichi nyumba yao ya kwanza, na mwaka mzima walikuwa wakivua vijiko chini ya sakafu. Akasema mumewe alikuwa na papara kunishinda mimi, na kwamba leo amemkumbuka vizuri kuliko siku zote tangu tumzike. Clemence akasema hakuna kilichoharibika, mbao zikikauka zitalala, naye atazipigilia upya. Mimi nikakaa palepale sakafuni. Sijawahi kupumua namna ile. Hata Clemence nilimkaribisha chai, na nilitaka abaki.

Jumapili, 15 Februari

Tumemsindikiza mama stendi baada ya ibada. Kabla ya kupanda gari akaniita pembeni. Akasema shambani kuna mgrivea mwingine wa marehemu, niuchukue kwa sakafu ya chumba cha kulala. Amenikabidhi tena! Nilitaka kuruka. Akaongeza neno moja tu, safari hii nisiwe na haraka. Nimemwahidi mbele ya abiria wote.

Na ahadi ni ahadi. Sina haraka kabisa. Mti utakatwa Jumanne, lori litashusha mbao Jumatano. Nitaanza kupigilia Alhamisi, tena baada ya kunywa chai.