Bibi Harusi Hatoki Mpaka Kompresa Itoe Baridi

Kismayo,
Jumatatu asubuhi.

Kwa Mheshimiwa Binamu Abdulmalik,
Baba wa Bwana Harusi,
Mombasa.

YAH: KUCHELEWA KWA HARUSI KWA SABABU ZA KIUFUNDI

Assalamu alaikum, wewe na wote walio chini ya paa lako. Huku kwetu sote ni wazima: mimi nduguyo Fumo, mke wangu Wardah, dada yangu Bimdogo, na binti yetu Tasnim ambaye mwanao Sadiq amemposa. Asiye mzima ni kompresa ya kiyoyozi cha gari, na hali yake ndiyo iliyonikalisha kitako kuandika. Ningekupigia simu, lakini mara tatu nilizokupigia ulicheka, na mara ya tatu ukampa mkeo simu naye acheke. Barua hii inaletwa na Faisal mwenye duka, ambaye anakuja Mombasa kwa shughuli zake. Nimemwagiza asiondoke kwako mpaka uisome yote, hata ikibidi umpe chakula cha mchana.

Gari lenyewe unalijua. Ni ile Peugeot 504 rangi ya maziwa aliyoinunua marehemu baba yangu, Mzee Tahir, alipokuwa karani wa bandari. Mwaka wa 1979 lilimpeleka dada Bimdogo kwenye harusi yake saa nane mchana, madirisha yamefungwa ili asipatwe na vumbi. Alipofika, wanja ulikuwa umemchuruzika mpaka kidevuni. Watu wa mumewe wakadhani analia, wakanong'onezana kuwa ameozwa kwa nguvu, na minong'ono hiyo haikwisha mpaka alipozaa mtoto wa tatu. Baba akaapa kuwa hakuna bibi harusi mwingine atakayetoka nyumbani kwake ametota jasho. Akalifungia gari kiyoyozi chenye kompresa kubwa ya chuma, ya pistoni mbili.

Vita vilipokuja tuliling'oa magurudumu yote manne tukaliacha juu ya mawe, na waporaji wakalitazama wakaenda zao. Tuliporudi kutoka kambini Kenya tulilikuta pale pale, kuku wamelala ndani. Tangu hapo linakwenda. Kiyoyozi tu ndicho kilichokufa, na kwa miaka mingi hakuna aliyekililia, maana nyumba haikuwa na msichana wa kuozwa. Sasa yupo, na ni wa pekee, na kiapo cha baba bado kinatufunga. Kwa hiyo naomba usome malalamiko yangu kwa utaratibu, bila kuruka.

1. Kompresa mliyotuletea. Posa ilipokubaliwa, Sadiq alisikia habari ya kiyoyozi akatutumia kompresa mpya kutoka Mombasa, ndani ya boksi, na utepe mwekundu juu yake. Nilishukuru na nikasema hivyo mbele za watu. Kisha Fundi Bakri, makanika wetu wa karibu na soko la samaki, akalifungua boksi akanionyesha puli. Ina mifereji sita myembamba, ya mkanda mpana wa magari ya siku hizi. Gari letu linatumia mkanda mmoja tu, wa umbo la kabari, unaokaa kwenye mfereji mmoja mpana. Matundu ya kufungia nayo hayakuelekeana na injini, moja lilikuwa huku na jingine kule. Bakri alisema ni kosa dogo, mtu anaweza kuchonga chuma cha kuishikia na kubadilisha puli. Mimi sikuliona dogo. Kijana anayeleta posa katika nyumba bila kuuliza puli yao ikoje ana haraka, na haraka katika ndoa naiogopa. Kompresa hiyo sasa iko sebuleni pamoja na utepe wake. Wageni wanadhani ni mashine ya kukamua juisi.

2. Gesi. Niliamua ile ya zamani ifufuliwe. Bakri aliifungua, akakuta sili ya mbele imekauka kwa kukaa miaka bila kuzunguka, oili imevuja yote, na vile vibati vinavyofungua na kufunga pumzi vimeliwa na chumvi ya bahari. Sili mpya aliipata kwa mtu anayetengeneza mashine za barafu za wavuvi. Vibati akavisugua kwenye kioo kwa mkono, siku mbili, mpaka vikang'aa. Hiyo ni kazi, Binamu. Tatizo likaja kwenye gesi: ile ya zamani haiuzwi tena, na hii mpya inataka oili nyingine. Kwa heshima, kwa kuwa atakuwa mkwe, nikampigia Sadiq kumtaka shauri. Akanijibu, "Baba, gesi yoyote tu." Yoyote! Leo gesi yoyote, kesho maziwa yoyote kwa mtoto, kesho kutwa daktari yeyote. Nilikata simu, na Bakri akatafuta mwenyewe oili inayopatana na gesi mpya.

3. Majaribio. Bakri alipomaliza alichomeka kipimajoto kwenye tundu la hewa akatangaza kuwa kazi imekwisha. Lakini kipimajoto hakivai nguo za harusi. Nilimtaka dada Bimdogo avae kama bibi harusi: gauni, mtandio, buibui juu yake, na kikuba cha asmini kifuani. Nikamkalisha kiti cha nyuma saa sita mchana, gari likinguruma mbele ya gereji, madirisha yamefungwa. Nikamwagiza agonge kioo atakapoanza kutetemeka. Nusu saa ikapita hajagonga. Nilipofungua mlango nilimkuta amelala usingizi mzuri, wanja wake uko kama ulivyopakwa. Bakri alipiga makofi, na wauza samaki wote wakapiga naye. Mimi niliandika kuwa jaribio limeshindwa, kwa kuwa hakutetemeka. Dada alipoamka na kusikia hukumu yangu, akanitolea Kibajuni mbele ya umma wote: "Fumo, mchu mzima wewe, waogopa nini?" Swali lake sikuliandika, kwa sababu halikuwa la kiufundi.

4. Umbali na majira. Kutoka nyumbani kwangu mpaka ukumbini ni mwendo wa dakika nne. Kompresa hii ya zamani inahitaji dakika kumi kabla baridi haijatulia. Maana yake bibi harusi atafika kabla ya baridi, na kiapo cha marehemu kitakuwa kimevunjwa kwa dakika sita. Nimependekeza ukumbi usogezwe. Mwenye ukumbi amekataa.

Nimetazama pia majira ya mwaka. Wakati wa kusi kuna upepo wa kutosha, mtu hatoki jasho, kwa hiyo haiwezekani kujua kama kiapo kimetimizwa kwa kompresa au kwa upepo tu. Wakati wa kaskazi joto ni kali mno, na haifai kuionea mashine yenye umri ule. Zinabaki zile wiki chache za katikati. Hizo ni za mvua, na barabara yetu mvua ikinyesha huijui. Nimepekua kalenda mpaka mwaka wa kesho kutwa sijaona siku inayofaa. Nikiiona nitakujulisha mara moja.

5. Hali ya sasa. Jumatano iliyopita Bakri alikwenda kisiwa cha Chovae kutengeneza injini ya mashua, na kuanzia Alhamisi kompresa haizunguki kabisa. Nimefunua boneti kwa mkono wangu, nimeitazama kwa makini, na nathibitisha kwa maandishi kwamba haizunguki. Wardah alitaka aitwe fundi mwingine. Nimemkatalia, kwa kuwa si adabu kumpa mtu mwingine kazi ya Bakri akiwa safarini. Tangu hapo mke wangu hasemi nami ila kupitia kwa dada, na dada naye anafupisha.

6. Mombasa. Lalamiko hili si la kompresa moja kwa moja, lakini usiliruke. Wewe mwenyewe, Binamu, tulikimbia pamoja, na mimi niliporudi wewe ulibaki, ukaniambia utarudi baada ya Idi. Sikukuuliza Idi gani, na hilo ni kosa langu. Mama yangu alikuja huko kutibiwa macho, na huko huko mkamzika, mkanipigia simu baada ya maziko. Kaka yangu Mahmudi alikuja Mombasa kwa wiki mbili. Sasa yuko Uholanzi, ana wajukuu ambao nikiwasalimu kwenye simu wanamwangalia babu yao awatafsirie. Sina ugomvi na mji wenu. Lakini kila nikiupa mtu wangu, unanirudishia salamu.

Tasnim ndiye anayenisomea barua za serikali. Ndiye anayejua dawa yangu ya presha ni ile ya asubuhi au ya jioni. Akicheka jikoni mimi humsikia nikiwa barazani, nami hucheka bila kujua kilichochekesha. Nimewaza nyumba ikiwa bila sauti hiyo, na wazo hilo silipendi hata kidogo. Kwa baba mwenye hali kama hii, kutaka uhakika wa kompresa si jambo la ajabu.

7. Ombi. Kwa kuzingatia yote niliyoyaeleza, nyumba yangu inapendekeza ufumbuzi mmoja ulio rahisi kwa pande zote. Sadiq aje yeye Kismayo. Ada ya wazee wetu ilikuwa hivyo, bwana ndiye aliyeingia nyumbani kwa mke, wala hakuna aliyeona aibu. Chumba cha juu nimekwisha kukipaka chokaa, na godoro jipya liko ndani, bado lina nailoni. Asubuhi atakwenda gereji kwa Bakri kujifunza, mpaka aweze kuifumua kompresa ya pistoni mbili na kuiunga tena akiwa amefumba macho. Nakadiria miaka miwili. Katika muda huo kompresa ikivuja, hata tone moja, hesabu ya miaka inaanza upya. Akihitimu, Bakri atampa cheti, mimi nitatia saini, na hapo ndipo tutakaa kuzungumza habari ya tarehe.

Najua utasema kuwa kijana ana kazi yake ya benki huko. Benki ni jambo jema. Lakini nakuuliza, kwa heshima zote, bibi harusi akitota jasho benki itamsaidia nini?

Mkiona masharti haya ni mazito, niko tayari kuyalegeza. Mnaweza kuhamia hapa nyote. Kiwanja cha babu yetu bado kipo, na mnazi alioupanda unazaa. Hapo hatutahitaji gari, achilia mbali kiyoyozi. Bibi harusi atavuka ua kwa miguu na kiapo hakitaguswa.

Natumaini utayapima haya kwa busara yako niliyoizoea tangu tukiwa watoto. Nisalimie mkeo, ambaye nimemsamehe kicheko chake. Wasalimie majirani zako wote wa Kismayo walio huko, na kila mmoja umwambie nimeuliza atarudi lini. Msalimie Sadiq pia, umwambie kuwa si kwamba namchukia. Faisal mpe maji ya baridi, safari ni ndefu.

Ni mimi binamu yako, mwenye heshima na masikitiko ya kiufundi,

Fumo bin Tahir

Nyongeza: Nilikuwa naikunja barua hii Tasnim alipoingia na chai. Kando ya kikombe akaweka mkanda wa kompresa. Aliukuta ndani ya gunia la mchele, alipokuwa akichota wa kupika mchana. Niliuweka mimi. Niliufungua Alhamisi, Bakri alipokuwa ameshapanda mashua, nikauficha mahali ambapo hapana mwanamume anayepachungulia, nikasahau kuwa si wanaume wanaopika. Kompresa ni nzima, Binamu. Tangu mwezi uliopita inatoa baridi ya kuumiza meno.

Nilimngojea anigombeze. Hakunigombeza. Alikaa mkekani akaniambia kuwa naye anaogopa, na kwamba amekuwa akifurahia kila siku niliyoipoteza, lakini anampenda Sadiq, na siku hizo zimetosha. Kisha akaniuliza ni lini. Nimemwambia Ijumaa ya pili ya mwezi ujao, kwa hiyo njooni, na malalamiko yote ya hapo juu uyafute kwa mkono wako, kuanzia la kwanza. Mkanda tumekwisha kuufunga tena, mimi na yeye. Spana ameishika yeye, mimi nimeuvuta mkanda ukaze.