Kiti Mbele ya Nyumba, Basi Mbele ya Kiti

Jumatatu, 3 Machi
Barua kutoka manispaa. Pale mbele ya nyumba, ninapoegesha pikapu tangu nimuoe Renata, panageuzwa kituo cha basi! Majaribio ya wiki mbili. Wakipatikana kwa wastani abiria kumi kwa siku, kituo kinabaki daima. Wasipotimia, narudishiwa mahali pangu. Kwa sasa pikapu iko chini kabisa ya mlima. Ngazi tisini na sita hadi mlangoni kwangu. Nimezihesabu huku nikitukana.

Gus Mancuso wa ng'ambo ya barabara, mwenye gereji ya kulaza gari lake, ana furaha kama aliyepata mjukuu. Ameuliza leo pikapu inalala upande gani wa kitanda, wangu au wa Renata. Mshenzi.

Sina wasiwasi. Nimetoa kiti cha jikoni, nimekiweka palepale barabarani. Mji huu kila mtu anajua: penye kiti pana mwenyewe. Hata padre hathubutu kukisogeza.

Jumatano, 5 Machi
Basi limekiheshimu kiti! Limesimama katikati ya barabara kama lenye adabu zake. Nimepiga makofi dirishani. Kisha akaja Bi. Petrakis wa kona, na kabichi lake, akakikalia kusubiri basi linalofuata. Nimetoka mbio. Nimemwambia kiti hicho si cha kukalia. Akauliza, "Sasa ni cha nini, mwanangu?" Nina miaka sitini na saba. Nimemshikia kabichi lake mpaka basi likaja.

Ijumaa, 7 Machi
Mbinu mpya. Nimepanda basi mwenyewe, niwahesabu abiria, niwe na ushahidi kwamba hakuna watu. Mara sita, asubuhi hadi jioni. Wazee hatulipi. Joto zuri mle ndani. Waliopandia kituo chetu, ukiniacha mimi: wanne tu! Nimemwonyesha dereva, Yolanda, daftari langu kwa fahari. Amecheka mpaka akafuta macho. Kumbe juu ya mlango kuna kijicho cha mashine kinachohesabu kila anayepanda. Wanne na sita ni kumi. Nimejipalia makaa!

Nikamuuliza kama nikishuka kinyumenyume kitanipunguza. Akasema, "Babu, shuka tu, watu wana safari zao." Nimeshuka kinyumenyume hata hivyo. Nimeteguka kifundo cha mguu.

Jumanne, 11 Machi
Mguu umevimba. Ngazi siziwezi, pikapu siifikii. Nimekwenda hospitali kwa basi. Kijicho kimenihesabu tena. Ningefanyaje?

Nimerudi nikamkuta binti wa manispaa, Tamsin Okerlund, akikipiga picha kiti changu. Ametoka Arizona, hajamaliza mwezi hapa, desturi yetu ya viti haijui. Amenipongeza kwa kuwatolea abiria kiti. Nimemwambia kwa ukali kwamba hakikuwekwa kwa wema. Maana yake ni moja tu: mtu asiegeshe gari hapa! Akasema ndiyo hasa, hata wao hawataki mtu aegeshe hapa. Nikasema haya, tumeelewana. Tukapeana mikono.

Niko jikoni saa nzima sasa. Tumeelewana nini?

Alhamisi, 13 Machi
Nimekiondoa kiti. Hakuna kiti, hakuna wa kusubiri. Majirani wamedhani kimeibwa. Wamenipa pole mmoja mmoja, wakaleta viti vinne na mto. Kimoja ni cha Mancuso! Amepaza sauti kwamba amekileta kwa ajili yangu, "maana Stan, mteja mkubwa ni wewe."

Jumatatu, 17 Machi
Kituo kinabaki. Wastani: abiria kumi kwa siku, kamili. Mancuso amesimama barazani kwangu, akazitoa safari zangu, akabaki na tisa na ushei. Amerudia hesabu mara mbili, polepole, nielewe.

Nimeingia ndani nimekasirika. Nimemkuta Renata analia. Kwa furaha! Tangu macho yake yamkataze kuendesha, kila wiki ameniomba nimpeleke kwa dada yake, na kila wiki nimekuwa na sababu. Majaribio haya amekwenda mara nne, peke yake, kwa basi, mimi nikiwa mbioni na mambo yangu. Akasema miaka yote ameniona mtu mgumu, kumbe nimepanda basi kutwa nzima ili yeye abaki nalo. Akanikumbatia. Sikumsahihisha. Nimeona haya sana. Nimekula pierogi, zile sambusa zake za viazi za kuchemsha, sahani mbili nikitazama chini.

Jumanne, 18 Machi
Barua nyingine! Pale chini ya mlima, ilipo pikapu sasa, wanataka kuweka vyuma vya kufungia baiskeli. Majaribio ya wiki mbili. Ikifungwa hata moja kila siku, vinabaki. Upuuzi mtupu! Nani anaendesha baiskeli katika milima hii? Safari hii hawanipati, mchezo wao nimeshaujua. Basi sitapanda ng'o. Kesho nanunua baiskeli, naifunga pale kila siku, kutwa nzima, nishuhudie kwa macho yangu kwamba haji mtu.