Maji Yaliyochimbwa Uani kwa Mama Mkwe

Kijiji cha Ujamaa Mshikamano,
Ufipa, Sumbawanga.
Agosti, 1971.

Kwa Ndugu Mkuu wa Wataalamu wa Miamba na Maji ya Ardhini.

Ndugu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba ofisini kwako kuna maji. Sisi huku tunayo, na hilo ndilo lalamiko langu.

Mimi ni Kornel Clemens, Mwenyekiti wa Kamati ya Maji ya kijiji hiki. Nilichaguliwa kwa kunyoosha mikono, kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyepelekwa Sumbawanga mjini kufundishwa kufungua na kufunga pampu ya mkono. Nimekabidhiwa spana ya serikali. Nayasema haya si kwa majivuno, bali ujue kwamba anayekuandikia si mlevi, kama Katibu wetu atakavyokuambia ukimwuliza.

Mwaka jana tulipotoka kwenye vitongoji vyetu tukaja kuishi pamoja, tuliahidiwa maji, na ahadi ikatimizwa. Tunashukuru. Ulimleta Ndugu Anyitike, mtaalamu wako, kijana wa Rungwe mwenye nyundo, nyaya, betri, na ramani iliyochorwa kabla ya Uhuru na watu waliopita huku wakigonga mawe. Alipitisha umeme ardhini kuuliza kama kuna maji, nasi tukasimama kando kwa adabu, tusiikatize ardhi inapojibu. Ikamjibu mahali pamoja tu. Akapigilia kigingi. Kigingi hicho kiliangukia katikati ya jiko na banda la kuku la Mama Josefina.

Mama Josefina ndiye mama mzazi wa mke wangu, Agnesi.

Hapa nakuomba, Ndugu, uweke kalamu chini kidogo unisikilize. Katika ukoo wetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, haingii uani kwake, halitaji jina lake (hapa nimelitaja kwa kuwa ni shughuli za serikali), na wakikutana njiani mmoja wao huingia porini. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa, anayeingia porini ni mimi. Suruali zangu zote ni mashahidi. Mama naye akiwa na neno la kuniambia, humwambia kuku, au mti, au jungu, nami nikiwa mbali nimempa mgongo husikia yanayonihusu. Tumeishi hivyo kwa amani kubwa mpaka sayansi ilipokuja.

Baada ya utangulizi huo, malalamiko yangu ni haya:

1. Mtaalamu wako hakuuliza habari za ukoo. Nilimfuata siku ileile nikamwomba asogeze kigingi mpaka kando ya ofisi ya Chama, ambako hakuna mkwe wa mtu. Akanijibu, "Mwenyekiti, maji yako kwenye ufa wa mwamba. Ufa haupigiwi kura." Nilipomweleza shida yangu alicheka hadi akakalia betri. Akasema, "Kwetu mke ndiye anayemkimbia baba mkwe. Huku kumbe mume anamkimbia mama mkwe! Basi nchi nzima watu wanakimbizana." Ndugu, mimi sikucheka. Nauliza tu: chombo kinachoweza kusikia maji chini ya mwamba kilishindwaje kumsikia mama mkwe aliye juu yake? Na siku hiyo alikuwa anatwanga.

2. Samaki. Kabla pampu haijafungwa, kisima kikiwa bado kinachotwa kwa ndoo, alitoka samaki. Alikuwa mdogo, mweupe kama karatasi hii ilivyokuwa kabla sijaiandika, na walioshuhudia wanasema aliwatazama. Ndugu Anyitike alisema haiwezekani, akaenda kulala. Lakini habari zilishuka mpaka Kipili, kule ziwani, na akapanda huku mtaalamu wa samaki, Ndugu Oswaldi, na chupa zake zinazonuka spiriti, akisema huenda ni samaki ambaye dunia haijapata kumwandika. Alifika jioni, amechoka, amejaa vumbi la barabara. Mama Josefina akamkaribisha kiti, akampa maji ya kunawa, akamwandalia ugali wa ulezi, na kitoweo kilikuwa yule samaki. Alimpika kwa nyanya. Ndugu Oswaldi alipokwisha kula na kusifu mchuzi, akaomba sasa aonyeshwe samaki. Nilikuwa nyuma ya uzio, nikamsikia Mama akimwambia, "Mwanangu, mgeni haonyeshwi samaki, analishwa." Mtaalamu yule alilia. Alikusanya miiba akaitia ndani ya chupa, akaondoka kabla jua halijapanda. Kwa kuwa mimi ni Mwenyekiti, hasara hiyo kwa elimu ya dunia imeandikwa kwa jina langu, nami hata kuonja sikuonja.

3. Pampu ilipofungwa haikukaa sana ikaanza kukohoa. Dawa yake naijua: ni kipande cha ngozi cha ndani kinacholika, kazi ya muda mfupi. Nilisimama nje ya uzio nikamwelekeza Agnesi kwa sauti, lakini kila nikisema "kulia" yeye anakwenda kulia kwake, nami nilikuwa nasema kulia kwangu. Ndipo nikavaa gunia. Nililivaa kichwani mpaka magotini, bila matundu ya macho, maana tundu la jicho ndilo hasa linalokatazwa. Nikaingizwa uani kwa kushikwa mkono na mke wangu, nikapapasa, nikaushika mpini, nikaanza kuupandisha na kuushusha nipime nguvu ya maji. Kisha nikasikia sauti ya Mama: "Ewe kuku, mwambie hilo gunia kwamba hiyo si pampu. Hiyo ni fimbo yangu, na mimi nimeishikilia." Ndugu, nilitoka mbio nikapita juu ya uzio, si mlangoni. Uzio huo ni mali ya kijiji na nimeujenga upya.

4. Mikutano ya Kamati sasa inafanyika penye maji, kama mwongozo unavyotaka. Wajumbe wanakaa uani kwenye vigoda, wanapewa togwa. Mimi naendesha mkutano nikiwa nje, nimetazama upande wa milima. Kwenye muhtasari naandikwa "Mwenyekiti (sauti)". Upepo wa Juni ukivuma, hoja zangu zinakwenda Zambia. Mwezi uliopita Kamati ilipitisha, nami nikiwa nimeziba masikio kwa baridi, kwamba Mama Josefina ndiye atakayepanga zamu za kuteka. Anazipanga vizuri, sikatai. Lakini ni nani aliyemchagua? Ufa wa mwamba.

5. Hili ndilo linaloniuma, nami naliandika polepole. Wiki iliyopita pampu ilinyamaza kabisa. Akina mama wamerudi kule kijitoni bondeni, kwenye tope wanalogombania na ng'ombe, na mtoto wa jirani amekwisha kuugua tumbo. Watu wameanza kunong'ona kwamba heri warudi kwenye vitongoji vya zamani. Agnesi alirudi kutoka bondeni, akaitua ndoo mbele yangu, yamo maji ya rangi ya chai ya maziwa. Akasema, "Mume wangu, wewe una spana. Mama ana pampu. Mimi nina shingo, na shingo imechoka. Mtakapokwisha kuheshimiana mtaniambia." Akajitwika mkeka wake akahamia kwa mama yake. Sasa fikiri, Ndugu, wewe mwenye elimu. Mume hufanya nini mke akikimbilia kwao? Humfuata. Mimi nimfuate wapi?

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na lolote utakaloliweza nitalishukuru:

Kwanza, maji yahamishwe. Ndugu Anyitike mwenyewe alitufundisha kwamba maji ya ardhini hayakai, yanasafiri polepole katika nyufa. Kama tayari yako safarini, si adhabu kuyaomba yasogee mbele kidogo hadi ofisi ya Chama. Sisi tulihama na mbuzi wetu, na hatukuuliza mara mbili.

Hilo likishindikana, ahamishwe Mama Josefina. Apewe cheo, nami nitapiga makofi. Naona anafaa Kipili kwenye utafiti wa samaki, maana kuwapika anajua.

Hilo nalo likishindikana, basi nipewe cheti chenye muhuri kinachosema kwamba Kornel Clemens, kuanzia asubuhi mpaka saa sita mchana, siku za kazi, si mkwe wa mtu yeyote. Muhuri uwe mkubwa, ili nikitangulize juu ya uzio kabla ya kichwa changu. Jumapili nitaendelea kuwa mkwe kama kawaida.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na mpiga chapa wako na aliyekupokelea barua hii. Msalimie Ndugu Anyitike, mwambie sina kinyongo naye ila kuhusu ule ufa. Msalimie Ndugu Oswaldi akiwa amepata nafuu. Mama watoto wako na watoto pia wasalimie, na mama mkwe wako, kwa njia yoyote mnayoitumia ninyi huko.

Wako katika kujenga Taifa na kutafuta njia ya kuingia,

Kornel Clemens,
Mwenyekiti (sauti).

Nyongeza: Karatasi imeniishia, kwa hiyo siwezi kuandika upya, nami nakuomba usome haya kwa makini kuliko yale ya juu.

Lori la ushirika lilichelewa, barua ikakaa mfukoni. Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikuwa nimekaa peke yangu mlangoni kwangu nikimenya kiazi, nikaona Mama Josefina anakuja moja kwa moja. Niliinuka nielekee porini. Akaita, si kuku, si mti: "Kornel! Kaa hapohapo." Kijiji kizima kilisimama. Nikasimama na kiazi changu, macho chini, nikiona miguu yake tu. Akasema, "Mgongo wako nimeutazama miaka kumi na mmoja, naujua kuliko aliyekuzaa. Nimechoka nao. Mtoto wa watu anaharisha kwa sababu mimi na wewe tuna adabu nzuri. Inua uso."

Nikauinua, Ndugu. Kumbe ni mfupi. Miaka yote hii, kwa jinsi nilivyokuwa nikimwogopa, nilidhani ni mwanamke mrefu sana. Kimo chake hakifiki begani pangu, na jicho lake moja lina ukungu. Sikuwahi kujua. Agnesi hakuniambia kwa kuwa alidhani najua.

Wazee wa ukoo wametoza jogoo mmoja kila upande, neno likaisha. Niliingia kwa mlango, nikafungua pampu, nikabadilisha ngozi, maji yakatoka kabla ugali haujaiva, na ugali huo nilipewa. Agnesi amerudi na mkeka. Mtoto wa jirani anaendelea vizuri.

Kwa sababu hiyo, futa namba moja hadi tano, na maombi yote. Maji yabaki hapohapo yalipo. Mama miguu inamsumbua, hawezi kwenda kuteka mbali, na kwa jicho lile hawezi kuona ndoo ikijaa. Siku hizi ni mimi ninayemtekea.

K.C.