Boriti ya Shangazi

Ijumaa moja Daktari wa Zege aliona wanawake thelathini wakiruka kamba kwenye ukumbi wa ghorofani, mate yakamtoka. Si kwa wanawake, jamani. Kwa ukumbi.

Udaktari alijipa mwenyewe, siku alipookota mashine jalalani nyuma ya chuo cha ufundi, pamoja na kijitabu chake. Ina vichwa viwili vya chuma: unavipaka grisi, unabandika kimoja huku na kingine kule, sauti isiyosikika inapita ndani ya zege, namba inawaka. Zege zima, sauti inapita chapu. Zege lenye nyufa, sauti inazungukazunguka, namba inapanda. Ila mashine yenyewe aliamini ni mbovu.

"Shangazi," akamwambia mwenye jengo, mama mwenye filimbi shingoni, "kuruka kila siku kunachosha zege. Nikupimie?"

Wakashuka stoo, chini ya ukumbi. Daktari akapanda meza, akabandika vichwa kwenye boriti iliyopakwa chokaa mpya. Sitini.

"Rukeni!" Daktari akawapigia kelele wa juu.

Juu wakaruka, chokaa ikamdondokea puani. Sabini. Wakaruka tena. Themanini na tano!

Daktari akacheka kimoyomoyo: mbovu hii, lakini kwa uongo imenizidi!

"Uuwi, mwanangu!" Shangazi akashika kichwa. "Sasa jengo hili nani atalinunua?"

"Huo mzigo nipe mimi, Shangazi. Chukua gari langu, niachie jengo."

Gari lile jekundu ndilo kitu pekee alichowahi kukipata kwa jasho. Aliliogesha kila asubuhi, akaliita mke mdogo. Lakini jengo zima! Zima kabisa!

Shangazi alilia kwa kwikwi, akatia sahihi karatasi za kubadilishana haraka kuliko alivyokuwa akilia, akaondoka na ufunguo wa gari.

Daktari akabaki kufuta grisi yake. Chokaa ikabanduka. Chini yake madoa mengine ya grisi, mawili mawili, boriti nzima, na pembeni namba za penseli. Arobaini na moja. Arobaini na nane. Hamsini na saba. Halafu mwandiko wa mtu aliyesoma kweli: *Mama, mwisho wa kuruka ni Ijumaa. Jengo hili halifai tena.*

Akaitazama mashine. Ikamtazama. Themanini na tano.

Nje honi ya mke mdogo ikalia.

"Daktari!" Shangazi akapaza sauti, wanawake wote wakiwa salama barabarani. "Ukitoka humo, tafadhali, usipige chafya!"

Pua ilikuwa imejaa chokaa. Akaibana kwa vidole viwili, akatoka kwenye jengo lake mwenyewe akinyata, kama mwizi.